GESI YA BONDENI

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Julai 2024. Shaibu, fundi wa kuchomelea vyuma, ameiacha Mtwara na mkewe Mwanahawa, amekuja Sumbawanga kwa ahadi ya kazi kwenye kisima cha gesi. Mtu anayejiita Injinia, ambaye hajawahi kumwona kwa macho, amechukua nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, picha za pasipoti, saini yake kwenye karatasi zilizotumwa kwa basi, na shilingi laki nne za "kufungua faili". Shaibu alipofika, simu ya Injinia haikupatikana tena. Akapanga chumba Majengo, kwa Bibi Yustina. Usiku wa Jumatano mlango ukagongwa. "Amka, mjukuu wangu," alisema bibi. "Mtu wako alikuwa hapa. Kaacha bahasha. Na kodi yako ya miezi sita kailipa."

SASA ENDELEA...

"Miezi sita?" niliuliza, usingizi wote ukiwa umeniruka.

"Sita, taslimu. Kanihesabia mkononi." Bibi Yustina aliinua taa ya sola ili nimwone vizuri. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Juu ya gauni alivaa sweta la marehemu mumewe, Babu Severini, aliyezikwa mwaka 2020, na mikono ya sweta hilo ilimfika hadi kwenye ncha za vidole. "Mtu mwenyewe kofia, barakoa, na miwani nyeusi. Saa nne ya usiku, miwani! Pikipiki hakuizima. Nikamwambia ngoja nimwamshe mjukuu wangu, akasema mwache alale, kesho kutwa atahitaji nguvu."

Nilichana bahasha. Ndani mlikuwa na noti za elfu kumi kumi, jumla laki moja, kitambulisho cha plastiki chenye kamba ya kuvaa shingoni, na karatasi moja iliyochapwa. Picha kwenye kitambulisho ilikuwa yangu, ile niliyopiga studio kule Mtwara nikiwa na shati la kijani la kuazima. Chini yake hapakuandikwa fundi wa kuchomelea. Paliandikwa kwa herufi kubwa: MWAKILISHI WA ARDHI. Hapakuwa na jina la kampuni, wala nembo, wala namba ya simu.

Karatasi ilikuwa fupi. Ijumaa saa nne asubuhi niwe kwenye ofisi ya kijiji kimoja bondeni, mbele ya Ilemba, njia ya kwenda Kilyamatundu. Nivae nadhifu. Nisiongee sana. Hela ni ya nauli na chakula.

"Wewe si uliniambia unachomelea vyuma?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Sasa vyuma na ardhi wapi na wapi?"

Sikuwa na jibu. Alinitazama kitambo, akaniachia taa yake, akarudi chumbani kwake kwa kupapasa ukuta.

Sikulala. Mtu aliyekulia Mtwara hahitaji kuhadithiwa habari za gesi. Mwaka 2012 mji wetu ulipata wazimu wa furaha. Kodi za nyumba zilipanda, viwanja vikauzwa mara mbili mbili, kila mwenye uchochoro akataka kujenga gesti. Baba yangu aliuza mikorosho yake, akakopa na juu yake, akasimamisha nyumba ya wageni yenye vyumba vya kujitegemea na maji ya moto. Mei 2013, serikali ilipothibitisha bungeni kwamba bomba litaipeleka gesi Dar es Salaam, mji uliwaka, watu wakafa, jeshi likaletwa. Bomba lilijengwa, likazinduliwa 2015, na wageni waliokuwa wakilala kwa baba wakafuata njia yao. Alipofariki alikuwa bado anadaiwa. Kwa hiyo nilipowaambia ndugu zangu kwamba nahamia Sumbawanga kufuata gesi, hakuna aliyecheka. Mama alilia tu.

Lakini mkono wenye ufundi ukikosa kazi, akili hujitafutia sababu. Mimi yangu ilikuwa tangazo la Februari. Kampuni ya Helium One ilitangaza kwamba kisima chake cha Itumbula, katika bonde la Rukwa, kimetoa gesi ya heliamu hadi juu ya ardhi. Redio zilisema Rukwa. Mimi nikasikia Sumbawanga. Injinia alipopiga simu wiki chache baadaye, alikuta mlango umeshafunguliwa.

* * *

Asubuhi ya Alhamisi Sumbawanga iliamka na baridi yake. Watu wa pwani huambiwa mji huu una uchawi. Mimi nilichokiona ni mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wenye upepo unaopenya koti, na watu wanaosalimiana bila haraka, wakina mama wakipiga goti na kugonganisha viganja taratibu. Utajiri wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho, na haukuwa gesi. Ulikuwa mahindi. Malori yalipanga foleni na magunia, vijana wa kupakia walikuwa weupe kwa vumbi la pumba, madalali wakabishana bei, na kila mkulima aliyepita aliulizia Wakala wa Hifadhi ya Chakula wananunua kwa shilingi ngapi. Maharage, alizeti na ulezi vilianikwa hadi kwenye vibaraza. Nilitembea kutoka Majengo mpaka stendi nikitafuta hata gari moja la kampuni ya uchorongaji. Sikuliona.

"Hutaliona," Bibi Yustina aliniambia niliporudi. Alikuwa ameniwekea uji wa ulezi. "Ukimaliza hapo nenda kwa shemeji yangu, Katandala. Ni mdogo wake marehemu. Mambo ya kuchoronga anayajua, aliyafanya ujanani. Mwambie umetoka kwangu."

Mzee Alois nilimkuta akiota jua mbele ya nyumba yake, blanketi magotini. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilipotaja neno gesi alitabasamu.

"Mafuta kwanza, kijana. Gesi imekuja juzi." Alikunja vidole kana kwamba anashika mkono wa mtambo. "Mwaka 1987 Wamarekani wa Amoco walikuja bondeni kutafuta mafuta. Walichoronga visima viwili, kimoja Ivuna, kingine Galula. Nilikuwa kibarua, nabeba mabomba. Kelele ya mtambo ule husikii sauti ya mwenzako. Watu walisema tutakuwa kama Waarabu. Kuna waliouza ng'ombe wakajenga mabanda ya pombe ya kimpumu karibu na kambi. Mafuta hayakupatikana. Wamarekani wakafunga mizigo."

"Na hii heliamu?"

"Hiyo ilikuwepo siku zote. Wazee walikuwa wanaona chemchemi za moto zinatoa mapovu, hawajui ni nini." Aliokota kijiti akachora mchangani, taratibu, kama mwalimu anayependa somo lake. Chini kabisa alichora mstari mnene: miamba ya kale sana, yenye madini ya urani na thoriamu, ambayo yakichakaa hutoa heliamu kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, ikabaki imefungwa humo. Pembeni akachora mlima unaofuka, akasema huo ni upande wa Rungwe, joto la volkeno zake ndilo linaloilegeza miamba ile na kuiachia gesi ipande juu kupitia nyufa za bonde. Watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham walilieleza hilo mwaka 2016, wakakadiria futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde. "Hospitali kubwa zinaihitaji kupoza sumaku za mashine za MRI. Si gesi ya kupikia. Huwezi hata kuiwasha, haiwaki."

Nilisikiliza kwa heshima. Kisha nikauliza lile lililonitoa Mtwara. "Kisima chenyewe kiko mbali na hapa?"

"Itumbula? Iko wilaya ya Momba." Alinitazama usoni. "Mkoa wa Songwe, kijana. Siyo huu. Ulipotoka Tunduma na basi ulikipita, ukakiacha nyuma yako upande wa kulia, chini kabisa bondeni."

Nilihisi uji wa bibi umeganda tumboni. Nilikuwa nimevuka nchi nzima, nimelipa laki nne, nimepanga chumba kwenye mji usio na kisima.

"Na hata pale kisimani," aliendelea, "wanaotakiwa ni wachache. Mtambo mmoja unaendeshwa kwa zamu na watu wanaohesabika. Wengine ni walinzi, wapishi, madereva, vibarua wa wiki mbili. Mji hauoti kwa kisima kimoja cha majaribio."

"Sasa kwa nini mtu anataka mwakilishi wa ardhi huku?"

Mzee Alois alifuta mchoro wake kwa unyayo. "Hapo ndipo penye hela." Alishusha sauti. "Madini yote ni mali ya Jamhuri. Mwenye shamba hana hata tone la gesi iliyo chini yake. Lakini mwenye leseni akitaka kuweka mtambo, barabara au kambi juu ya shamba lako, lazima akulipe fidia ya ardhi na mazao. Basi mwerevu anatangulia. Ananunua shamba la mjane kwa bei ya gunia za mpunga, anakaa, anasubiri. Gesi ikifika, fidia ni yake. Isipofika, amepata shamba la mpunga bondeni, hajapoteza."

"Na sheria inaruhusu?"

"Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie kabla ya mauzo. Uwe na muhtasari wa kikao, uwe na muuzaji aliye hai, uwe na mashahidi." Alinyamaza kidogo. "Kitambulisho chako cha NIDA umekuja nacho, au umekiacha Mtwara?"

"Ninacho."

"Vizuri. Ukienda bondeni usikiache."

Nilimshukuru. Nilipofika barabarani nilijiuliza kwa nini ameniambia niende, badala ya kuniambia nirudi kwetu. Swali lilipita, nikaliacha lipite.

* * *

Fuso lililokuwa likishuka kufuata mpunga lilinichukua mchana huohuo. Tulipita Ntendo, mashamba ya mahindi yaliyovunwa yakiwa yamebaki mabua makavu pande zote, kisha ardhi ikakatika. Wenyewe hupaita Lyamba lya Mfipa. Uwanda wote wa Ufipa unafika hapo na kuisha, na chini yake, karibu kilomita moja kwenda chini, bonde limelala jeupe kwa joto, na mbali kabisa Ziwa Rukwa lilionekana. Dereva alitia gia ndogo. Utingo alining'inia nje na kigogo mkononi, tayari kuruka na kukitia chini ya tairi breki zikigoma. Mama mmoja aliyekaa juu ya magunia matupu alitoa rozari, hakusema neno mpaka tulipofika Muze.

Kila kona tuliyokata nilivua kitu. Koti, kisha sweta. Muze ilikuwa joto la Mtwara kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike mkoa huu mwili wangu ulijisikia uko nyumbani. Miembe ilikuwa minene. Makundi ya ng'ombe wa Wasukuma yalivuka barabara bila kutujali. Mpunga ulikuwa kwenye maturubai, watoto wakiuchunga dhidi ya mbuzi. Tulipita Mtowisa jua likiwa linazama, tukaingia Ilemba gizani. Nililala gesti yenye kitanda cha kamba na chandarua kilichotoboka.

Kabla sijalala nilimpigia Mwanahawa.

"Umeanza kazi?" aliuliza.

"Kesho."

"Shaibu, leo kuna mtu kapiga simu. Sauti ya mtu mzima. Kaniuliza jina lako kamili kama lilivyo kwenye NIDA, na kama tumefunga ndoa ya msikitini au ya serikali. Kasema ni ya mkataba."

"Ukamjibu?"

"Si ulisema wamekuajiri?"

Nilimwambia asijibu tena. Nilitaka kumwambia arudishe fedha zetu za akiba kwa mama, afunge mlango mapema, asiamini mtu. Mtandao ukakata. Nilipanda juu ya ndoo nje ya gesti nikitafuta mawimbi. Sikuyapata mpaka alfajiri, na alfajiri hakupokea.

* * *

Saa nne kasoro Ijumaa bodaboda alinishusha mbele ya ofisi ya kijiji. Jina la kijiji nalihifadhi, maana watu wake hawana kosa. Chini ya mwembe walikaa watu wengi kuliko nilivyotarajia, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Nilivaa shati langu safi. Kitambulisho cha plastiki nilikiweka mfukoni, sikukivaa.

Mama mmoja mwenye daftari kubwa alinijia. Alikuwa ndiye mtendaji.

"Karibu sana, kaka Shaibu. Tumekusubiri tangu mwezi wa sita."

"Shikamoo... samahani, unanifahamu?"

"Picha yako si tunayo." Alicheka kwa wema. "Kaa hapa mbele. Wananchi, mnunuzi wetu amefika!"

Makofi yalipigwa. Mzee mmoja alisimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anibariki, kwamba hela ya awamu ya kwanza ndiyo iliyomtibu mkewe. Mwingine hakupiga makofi. Alinikazia macho, mikono kifuani.

"Mama mtendaji," nilisema, koo likiwa kavu, "naomba kuona karatasi."

"Utaziona zote, maana leo ni kumalizia." Alifungua faili la kijani. Mkataba wa kwanza ulikuwa na picha yangu juu kushoto, shati la kijani. Jina langu, namba yangu ya NIDA, makazi: Majengo, Sumbawanga, na stakabadhi ya kodi ya miezi sita imebanwa kwa pini kuthibitisha. Chini kabisa ilikuwa saini yangu. Haikuwa ya kuiga. Ilikuwa yangu mwenyewe, ile niliyoiweka kwenye karatasi zilizokuja kwa basi, ambazo Injinia alisema ni fomu za ajira na sehemu za juu zitajazwa ofisini.

Nilifunua wa pili. Wa tatu. Jina langu lilikuwa limenunua nusu ya mashamba ya mpunga ya watu waliokaa mbele yangu.

Mkataba wa mwisho ulikuwa wa shamba kubwa kuliko yote, lile lililopakana na mto. Niliusoma polepole. Muuzaji alitajwa kwa jina la kwanza na la ukoo. Severini. Mkazi wa Majengo, Sumbawanga. Mke: Yustina. Pembeni ya jina palikuwa na alama ya dole gumba, wino wa bluu, mistari yake wazi kabisa. Na tarehe: 14 Juni 2024.

Nilikumbuka sweta lenye mikono mirefu. Babu Severini alikuwa kaburini mwaka wa nne.

"Mama," nilisema, nikiweka kidole pale, "huyu muuzaji mlimwona kwa macho?"

Mtendaji aliinama akatazama. Uso wake ulibadilika kidogo. "Huyu aliletewa karatasi nyumbani, alikuwa mgonjwa. Ndugu yake ndiye aliyekuja kumshuhudia. Mzee wa heshima, msomi wa mambo haya."

Yule mwanamume aliyekunja mikono alisimama. "Na mimi nataka kuuliza," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Mnunuzi atuambie. Ni yeye kweli anayenunua, au si yeye? Maana nimeshapeleka taarifa polisi Ilemba, na gari lao liko njiani."

Watu walianza kunong'ona. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Namba niliijua vizuri, nilikuwa nimeipigia mpaka vidole vikachoka. Nilipokea.

"Waambie ndiyo wewe," ilisema sauti ya Injinia, tulivu, bila haraka. "Sema ndiyo, weka saini ya mwisho, toka hapo kabla gari halijafika. Ukisema hapana, kila karatasi ina jina lako na hakuna hata moja yenye langu."

"Wewe ni nani?"

"Niko barazani kwa Bibi Yustina, nakunywa chai. Usinilazimishe nimweleze mambo yatakayomuumiza."

Nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Kisha sauti ya bibi mwenyewe, karibu kabisa na simu, ya upole uleule wa kila asubuhi:

"Nikuongeze sukari, shemeji?"

Mbali barabarani, vumbi la gari lilianza kupanda. Mtendaji alinisogezea kalamu. Watu wote chini ya mwembe walikuwa wamenyamaza, wakinitazama mdomoni.

ITAENDELEA

Je, Shaibu atasema ndiyo au hapana? Bibi Yustina anajua anayemkaribisha chai, au naye ni mhusika? Na kwa nini simu ya Mwanahawa haipokelewi? Tukutane hapa Jumamosi ijayo.